Ming'oko Bila Sauti

Kijiwe cha Betri kiko Ruangwa mjini, ukishapita soko kama unaelekea Nandagala, na kinaitwa hivyo kwa sababu ubao wake umelazwa juu ya betri mbili za lori zilizokufa zamani. Nyuma yake kuna kibanda cha Rogath, anayetengeneza redio na kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi, ndiyo maana wakamwita Flashi. Pembeni hukaa Saadi na birika lake la kahawa na sahani ya kashata. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo Flashi alikuwa ubaoni badala ya kibandani. Kando yake alikaa Shaban, dereva wa bodaboda wa njia ya Nachingwea, anayeitwa Leseni kwa kuwa anayo leseni na hajaacha mtu asijue. Wa tatu alikuwa mzee Shaibu, ambaye miaka ile alishinda kesi ya mbuzi katika mahakama ya mwanzo akijitetea mwenyewe, na tangu siku hiyo yeye ni Wakili. Mnada wa ufuta ulikuwa umeahirishwa, hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Watu wa namna hii hawakosi la kusema, wanachokosa ni jambo la kulisemea, na jambo lenyewe likaja linatembea kwa miguu miwili. Lilikuwa linaitwa Sadiki.

— Mama ameongea? — Saadi aliuliza hata kabla ya salamu, huku akimmiminia kikombe.

— Bado.

— Pole. Kaa.

Sadiki akabanwa kati ya Leseni na Wakili. Yeye ni kijana anayepuliza dawa kwenye mikorosho ya watu kwa pampu ya mgongoni, na akishavua barakoa hurekodi video za simu na kuziweka mtandaoni. Video moja ndiyo iliyomfikisha hapa. Alimrekodi mama yake, Bi Mwantumu, akichimba na kupika ming'oko, vile viazi pori vyembamba ambavyo mtu wa kusini akiwa Dar huviota usiku. Chini ya picha akaweka wimbo wa kijana mmoja anayetamba, na video ikakimbia kama moto wa mbugani. Watu wakaandika kwamba wametokwa na machozi, kwamba mama apewe maua yake, kwamba wanakuja likizo.

Kisha siku moja mtandao ukaondoa sauti yote, ya mwimbaji na ya mama kwa pamoja. Bi Mwantumu hakujua. Akaenda kwa jirani yake Hajra kuonyeshwa umaarufu wake, mbele ya wanawake waliokuwa wamekusanyika kusuka ukili. Akajiona anafungua mdomo, anafunga, ananyoosha vidole, na neno hakuna. Mmoja akasema, "Bi Mwantumu, mwanao kakugeuza bubu," na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akarudi nyumbani na kumwambia mwanawe sentensi moja tu: "Kaniletee sauti yangu, ndipo tuongee."

Tangu hapo hajamsemesha. Anampakulia chakula, anamwonyesha ndoo ikitaka maji, ila neno hatoi. Kwa majirani anaongea kama kawaida, tena Sadiki humsikia akicheka kabisa. Yeye akiingia, kimya. Nyumba yenyewe ni ya watu wawili. Lilimuuma jambo hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya ubao ule.

— Si umrekodi upya? — Leseni alisema. — Mwanangu, unajitesa bure.

— Nikishika simu anajifunika khanga usoni.

— Na ile ya mwanzo, kabla hujaitia wimbo?

— Niliifuta. Simu ilijaa.

— Ilijaa nini?

— Nyimbo — Sadiki alisema, na Flashi aliyemjazia hizo nyimbo akainama kutafuta kitu chini ya ubao.

Wakili akanyoosha mkono kama hakimu anayetaka kielelezo.

— Soma tena ule ujumbe. Pole pole. Hati haisomwi kwa pupa.

Sadiki akafungua simu.

— "Sauti ya video hii imeondolewa kwa sababu ina muziki unaomilikiwa na mtu mwingine. Ukiwa na kibali cha mwenye haki, kiwasilishe, na sauti itarudishwa."

— Mwenye haki — Wakili akarudia, akiyamumunya maneno pamoja na kashata. — Hapo ndipo kesi ilipolala. Sasa wewe chini ya video uliandika nini?

— Niliandika kama wanavyoandika wenzangu wote: "Wimbo huu si wangu, sina haki nao."

— Uliandika kwa mkono wako mwenyewe?

— Kwa kidole.

— Basi umekiri kosa kabla hujashtakiwa! Ntu kakutwa na mbuzi, polisi hawajafika, yeye keshajitundika kibao shingoni: mbuzi huyu si wangu. Ulitegemea nini, wakupe na kamba?

— Flashi ndiye aliniambia niandike.

— Nilisema ni heshima kumtaja mwenye mali — Flashi alijitetea. — Mficha uchi hazai.

— Uchi umeingiaje hapo? — Leseni aliuliza.

— Umeingia hivyo hivyo. Ndiyo methali.

Leseni akaweka kikombe chini. Kila mtu alijua kinachokuja.

— Oya, tuache mbuzi. Hapa shida ni leseni. Mimi nina leseni…

— Tunajua — wakasema wote kwa mkupuo.

— Acheni nimalize. Leseni ina madaraja. Ya pikipiki huwezi kuendeshea basi. Sasa wewe ukisikiliza wimbo nyumbani kwako, ni kama unaendesha pikipiki shambani kwako, trafiki hana shida na wewe. Lakini umemchukua bi mkubwa, umempakia juu ya wimbo, umeingia naye barabara kuu. Hapo umebeba abiria. Umebeba abiria bila leseni ya abiria!

Sadiki alihisi kwamba ndani ya maneno yale mlikuwa na ukweli mahali fulani, ila hakujua aushike upande gani.

— Hiyo ya abiria inatolewa wapi?

— Ya kwangu nilifuatilia hadi Lindi.

— Ya wimbo?

— Ya pikipiki.

— Nimeuliza ya wimbo, kaka.

— Sasa mimi ya wimbo nitaijulia wapi? Mimi naongelea mfumo.

Flashi akaanza kuona mazungumzo yanaelekea mlangoni kwake.

— Ngoja kwanza. Mimi hapa najazia watu nyimbo kila siku ya Mungu. Wazee, vijana, hadi mashekhe wanaleta flashi. Mbona mimi sijanyamazishwa?

— Wewe subiri — Wakili alisema kwa upole mkubwa.

— Nisubiri nini?

— Subiri tu.

Flashi akageuka kutazama kibanda chake kama mtu aliyesikia mlango wake unagongwa. Aliporudisha uso alikuwa amebadilisha somo.

— Dawa ni kuupunguza mwendo. Ile mashine inayokagua inaujua wimbo kwa kasi yake. Ukiupunguza, unapita hauonekani. Mwenda pole hajikwai.

— Nilijaribu kwenye video ya kupuliza mikorosho — alisema Sadiki. — Mwimbaji akawa anaimba kama ng'ombe mwenye homa. Wakaukamata hivyo hivyo.

— Basi uuharakishe.

— Niliuharakisha. Akawa kama kifaranga. Wakamkamata na kifaranga.

— Ulichukua mrefu — Leseni alisema. — Sekunde kumi za mwanzo hazina kesi. Hilo kila mtu analijua.

— Nani kalisema?

— Si nimekwambia, kila mtu.

— Nilikata sekunde tisa. Hata chai ilikuwa haijapoa, wakanikamata.

— Ndiyo hayo — Wakili akaingilia. — Haba na haba hujaza kibaba. Leo sekunde tisa, kesho sekunde tisa, mwisho umejenga nyumba ya bati kwa jasho la ntoto wa mwenzio.

Sadiki hakuwa na nyumba ya bati. Ya mama yake ndiyo yenye bati, na aliezeka marehemu baba. Lakini ukibishana na Wakili juu ya vitu vidogo, unafungua kesi mpya kabla ya ile ya zamani kwisha. Akanywa kahawa yake, ikamuunguza.

— Mimi mtandao wenyewe nimeutafuta kila kona — alisema alipopata ulimi. — Kuna sehemu wanaita maktaba ya muziki. Nyimbo za bure, unachukua, unaweka, hakuna anayekuuliza.

— Si ndiyo hiyo! — Leseni akapiga makofi. — Kesi imekwisha.

— Haijaisha. Hizo bure ziko za aina nyingi. Kuna ya bure kabisa. Kuna ya bure lakini umtaje mtunzi. Kuna ya bure lakini usiikate wala kuigeuza. Kuna ya bure lakini isiwe kwenye biashara.

— Sasa bure gani hiyo yenye masharti kama mahari? — Saadi alishangaa, yeye ambaye kwa kawaida husemea birika tu.

— Na wewe unafanya biashara? — Wakili alimkazia macho.

— Sifanyi. Ila kuna mtu wa Mbagala aliandika kwamba akitumiwa ming'oko gunia moja atanunua.

— Ukamjibu nini?

— Nilimwekea kidole gumba.

— Basi mmeshaafikiana! Gumba ni sahihi. Mimi nimeona ntu kapoteza shamba kwa gumba.

Sadiki akakitazama kidole chake. Ilikuwa haijamwingia akilini kamwe kwamba kinaweza kumfunga.

— Hata hivyo nilijaribu moja ile ya bure kabisa — akaendelea. — Kinanda. Nikaiweka kwenye hii video iliyobaki, isiyo na sauti, ili angalau mama aone kuna kitu. Nikamwonyesha. Alitazama hadi mwisho.

— Akasemaje?

— Haongei na mimi, Leseni. Nimeshawaambia.

— Aa, samahani. Lakini uso ulikuwaje?

— Ulikuwa wa msibani. Na kwa kweli ile video ilikuwa kama tangazo la benki. Mama anachimba ming'oko kama anatualika tufungue akaunti. Nikakiondoa kinanda, ikabaki bubu vile vile.

Wakacheka hadi ubao ukacheza juu ya betri zake. Sadiki pia alicheka kidogo, kisha akajiona ni msaliti, akaacha.

— Nyamazeni — alisema Wakili alipomaliza kujifuta machozi. — Dawa ya deni ni kulipa. Nenda kwa mwenye wimbo wenyewe, umwombe hicho kibali. Msema kweli ndiye mpenzi wa Mungu.

— Nilimwandikia. Akajibu meneja wake.

— Alijibu?

— Alijibu. Tena kwa adabu. — Sadiki akapekua simu, akasoma. — "Habari ndugu. Maneno ya wimbo ni ya mtunzi mwingine, msanii ameyaimba tu. Biti ni ya mtayarishaji. Rekodi inasimamiwa na kampuni. Tafadhali omba kote, ukipata kote tuwasiliane."

 Gari la maji lilipita, vumbi likaja na kuondoka. Leseni alianza kusema kitu kuhusu kadi ya pikipiki na jina la mwenye pikipiki, akaona hakifiki, akakiacha njiani. Ndipo Wakili akashika goti la Sadiki.

— Nimeelewa. Sikilizeni, hili ni shamba la urithi. Ardhi ni ya ukoo. Mikorosho alipanda mjomba. Korosho za mwaka huu zimekodishwa kwa ntu wa Nachingwea. Wewe umepita, umeokota. Je, umemwibia nani?

Kwa mara ya kwanza tangu balaa lile lianze, Sadiki aliona mwanga. Mashamba ya namna hiyo aliyapuliza dawa kila msimu, na alijua vizuri jinsi watu watatu wanavyoweza kuwa wenyewe wa mti mmoja, na wote wakawa na haki.

— Umemwibia aliyekodi — alisema Leseni.

— Mjomba — alisema Flashi.

— Ukoo — alisema Saadi.

— Mmeona? — Wakili akaegemea nyuma kwa furaha, akasahau kwamba ubao hauna egemeo, wakamdaka. — Kila ntu kasema kweli, na kila ntu kasema jina lake.

— Kwa hiyo kibali nikiombe kwa nani?

— Kwa wote. Halafu uwaite kikao.

— Kikao cha watu wa Dar nisiowajua?

— Utawapikia ming'oko.

— Mama ndiye anayepika!

Mwanga ukazimika. Lakini shamba lilikuwa limeshafunguka, na Kijiwe cha Betri hakiachi shamba lililo wazi bila kuingia.

— Hapana, hapana, hapana — alisema Leseni. — Mila yetu iko wazi. Mpita njia akiona bibo, lile tunda la mkorosho, limedondoka, anakula bibo, korosho yenyewe anaing'oa na kuiacha chini ya mti. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa bibo. Kweli si kweli?

— Kweli.

— Sasa ule wimbo ulikuwa umedondoka. Kila baa unalia. Kila bodaboda. Mpaka mashine ya kusaga pale Nanganga wanaufungulia. Sadiki kala bibo tu!

Sadiki alishtuka, kwa kuwa ndivyo hasa alivyofikiri siku ile alipouweka. Hakuwahi kulitamka kwa maneno, lakini moyoni alijiona mpita njia mwenye kiu, na wimbo uko chini, umeiva, wapo wanaoukanyaga.

— Nilidhani hivyo hivyo — alisema kwa sauti ndogo.

— Sawa, lakini bibo la wimbo ni lipi? — Flashi aliuliza. — Na korosho ni ipi?

— Bibo ni kiitikio — alijibu Leseni. — Ndicho kitamu.

— Thubutu! Kiitikio ndiyo korosho yenyewe, ndicho kinachouzwa. Bibo ni yale maneno ya katikati ambayo hakuna anayeyajua.

— Basi Sadiki aliweka kiitikio.

— Basi kabeba korosho.

— Na angeweka maneno ya katikati?

— Asingepata mtazamaji hata mmoja, lakini asingekuwa na kesi.

— Bibo halikai — Saadi akasema kutoka kwenye moto wake. — Likilala siku moja linachacha. Mbona huo wimbo una miezi na bado wanaudai?

Hilo lilikuwa swali zuri, kwa hiyo wakalipita haraka. Flashi alisimama. Ukimwona Flashi amesimama, ujue nadharia imekuwa kubwa kuliko kiti.

— Niwaambie jambo. Ile ngoma ya mwanzo kabisa, kabla hajaanza kuimba. Tu-ku-tu, tu-ku-tu. Mimi si mzaliwa wa hapa, lakini masikio ninayo. Nimeisikia ngoma hiyo kwenye jando kule kwenu, watoto wakitolewa. Huyo kijana kaiokota huku!

— Aliokotaje wakati yuko Dar?

— Kwenye flashi! Mimi mwenyewe nimewahi kurekodi jando nikawajazia watu. Moja ikasafiri.

— Kwa hiyo mwizi ni wewe — Leseni alisema.

— Mimi ni njia. Njia haishtakiwi.

Lakini Wakili alikuwa ameshaanza kuinuka naye, fimbo mkononi, macho yanamwaka.

— Kama ngoma ni ya huku, basi mdaiwa si Sadiki. Mdaiwa ni yule kijana! Ndiye anayetakiwa kuja Ruangwa na kuomba kibali kwa kila mwenye jando. Na mpaka atakapokipata, tunamnyamazisha yeye. Tunaandika: sauti ya wimbo huu imeondolewa.

— Tunamwondolea wapi? — Sadiki aliuliza.

— Huko huko aliko. Na la pili! Bi Mwantumu hakuimba wimbo wa ntu. Aliongea maneno yake, kwa mdomo wake, jikoni kwake. Waliokata wimbo wakamkata na yeye. Je, walipata kibali cha Bi Mwantumu?

— Hawakupata — alisema Leseni.

— Je, wewe Sadiki, ulipata kibali cha Bi Mwantumu?

— Ni mama yangu.

— Nimeuliza kibali.

— Wakili, ni mama yangu! Mama anaombwa leseni?

— Nguo ya kuazima haisitiri makalio — Wakili alisema, na hakuna aliyejua imetoka wapi wala inakwenda kwa nani, lakini ilimchoma Sadiki mahali.

Alikuwa amechoka. Alikuja na jambo moja, sasa alikuwa na mbuzi, abiria, shamba la watu watatu, bibo na jando, na mama yake bado hajamsemesha. Akili yake ilikuwa kama kapu la uzi uliochezewa na paka. Saadi aliinamisha birika ili amwongeze, likatoa matone mawili na mchanga wa kahawa.

— Ndiyo ya mwisho hiyo — alisema Saadi.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amefika kwenye kibanda cha Flashi, mtoto mgongoni, simu ndogo mkononi. Aliitwa Helena, wa wale wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Kanda ya Ziwa, wakapiga kambi upande wa Likunja. Mjini huja siku za kuuza maziwa, na siku hizo huja kuchaji.

— Shikamooni baba zangu.

— Marahaba, mama. Umeme hakuna — alisema Flashi.

— Nitasubiri. — Akamtazama Sadiki, akamtazama tena. — Samahani, kaka. Si wewe wa ile video ya ming'oko? Mwishoni uso wako unatokea.

Sadiki akajiweka sawa. Hata katikati ya msiba, mtu akitambuliwa hunyooka mgongo.

— Ndiyo mimi.

— Nimeitazama, hivyo hivyo bila sauti, mpaka mume wangu analalamika bando. Sisi huko kwetu hatuijui ming'oko. Watoto walifundishwa na wenzao kuichimba, wanaleta nyumbani, nami sijui kuipika. Mara ya kwanza ilitoka michungu. Mara ya pili ikatoka na mchanga, watoto wakatema. Ndiyo naangalia mikono ya mama, naifuata. Lakini kuna mahali pananishinda.

— Wapi?

— Pale karibu na mwisho. Ameshaipua, mvuke unatoka. Anatikisa kichwa, ananyoosha kidole hivi, anakataza kitu. — Helena akakinyoosha kidole kumwelekea Sadiki, vilevile hasa kama mama yake. — Anakataza nini?

Ubao mzima ukamgeukia Sadiki. Sadiki akafungua mdomo.

Siku ile alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili kutoka mafigani, ameshika simu kwa mikono yote miwili. Alikumbuka kuku aliyetaka kupita mbele ya picha, naye akamfukuza kwa mguu. Alikumbuka jua lilivyoingia kwenye mvuke, akafurahi. Alikumbuka kuhesabu moyoni ni wapi ngoma itagonga pamoja na kile kidole, na baadaye akaipandisha sauti ya wimbo pale pale ili ngoma isikike vizuri. Kidole alikikumbuka. Maneno hakuyakumbuka hata moja.

— Anakataza kufunua sufuria mapema — Leseni alijaribu.

— Ameshaipua, amesema — Flashi alimkumbusha. — Labda chumvi. Anakataza chumvi nyingi.

— Mama akinyoosha kidole — alisema Wakili taratibu — hukataza mambo mengi kwa pamoja.

— Lakini pale alikataza lipi? — Helena aliuliza, bila ubishi wowote, anataka kujua tu.

Wanaume wale walikuwa wamekula ming'oko tangu hawajaota meno, isipokuwa Flashi, na hakuna aliyejua. Sadiki aliona aibu. Watu maelfu walimwona mama yake akisema, na yeye aliyekuwa karibu kuliko wote hakusikia.

— Sijui — alisema. — Nilikuwa naangalia picha.

— Basi si nikamuulize mwenyewe? Anakaa mbali?

— Si mbali. Ila haongei.

— Haongei kabisa?

— Na mimi.

— Aa — Helena alisema, akamvuta mtoto juu kidogo mgongoni. — Mimi hajanikasirikia. Twende.

Wakaondoka. Nyuma yao Sadiki alimsikia Wakili akiuliza kama mwanamke huyu, akifundishwa na Bi Mwantumu kisha akampikia mumewe, atahitaji kibali, na Leseni akijibu kwamba inategemea daraja. Saadi alikuwa anasuuza vikombe.

Bi Mwantumu alikuwa ukumbini kwa nyuma, kwenye mkeka, ukili kwenye vidole, chungu kikichemka taratibu mafigani. Alimpokea Helena kwa salamu ndefu, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua za huko walikotoka. Akampokea mtoto, akamlaza mapajani. Sadiki alisimama kwenye mlango wa uani, asijue kama na yeye ni mgeni.

Helena akaeleza shida yake yote, ya uchungu na ya mchanga. Bi Mwantumu akasema hilo haliambiwi, linaonyeshwa. Aje kesho na kikapu kikuukuu, watasugua pamoja mpaka vinyuzi vyote vitoke, na asikoroge chungu kamwe, kwani ngozi ikichubuka tope linaingia ndani. Sauti yake ilikuwa ile ile, nzito kidogo, yenye kukwama mahali pa herufi ya mwisho. Sadiki aliisikiliza kama mtu anayekunywa maji.

— Kwa hiyo pale unaponyoosha kidole — Helena alisema — ndipo unapokataza kukoroga?

Bi Mwantumu hakumtazama mwanawe. Alimtazama Helena tu, akaongea naye.

— Pale? Pale nilikuwa siongei na watu wa mtandao, mwanangu. Pale nilikuwa namkataza yule. Nilimwambia: weka hiyo simu chini, Sadiki, kaa ule, inapoa. Nilimwambia mara mbili. Akanifanyia hivi kwa mkono, nisogee kushoto. — Akarudi kwenye ukili wake. — Akaja kula jioni, peke yake, ya baridi.

 Mtoto alishika ncha ya khanga ya Bi Mwantumu, akaitia mdomoni.

Sadiki alitaka kusema nisamehe. 

Bi Mwantumu akainuka, akaepua chungu, akamwaga ming'oko kwenye ungo, mvuke ukapanda. Akaweka chumvi na pilipili kwenye kisahani, akausogeza ungo mbele ya mgeni.

— Karibu, ule. Na umwambie huyo aliyesimama mlangoni aje akae.

— Kaka — alisema Helena — mama anasema uje ukae.

Sadiki akavua kandambili, akaingia, akakaa mkekani upande wa kushoto wa mama yake, akala ingali moto.